Naomba ushauri: mageuzi ya sera ya sayansi, nichukue Estonia au Urusi?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mageuzi ya sera ya sayansi na ubunifu katika nchi zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Nimekwama kwenye kuchagua mfano.

Estonia inanivutia sana. Mwaka 1990 ilianzisha mfuko wa kugawa fedha za utafiti kwa ushindani, ikawaita wanasayansi wa Sweden wapime kazi zake, kisha taasisi za utafiti zilizokuwa chini ya Akademia ya Sayansi (chombo kilichorithiwa kutoka mfumo wa Kisovieti) zikahamishiwa vyuo vikuu. Urusi ilichelewa: ni mwaka 2013 Akademia yake iliponyang'anywa usimamizi wa taasisi, zikapewa wakala wa serikali, na 2018 zikaenda chini ya wizara mpya. Watafiti wengi walipinga, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Msimamizi wangu anataka nilinganishe zote mbili. Nahofia tofauti ya ukubwa itaharibu hoja, maana Estonia ina watu takribani milioni 1.3 tu. Mliosoma Urusi au mnaofanya utafiti wa sera, nichukue Latvia, jirani mdogo wa Estonia, badala ya Urusi? Na asiyejua Kirusi atapata nyaraka za kutosha kweli?