Naomba ushauri: nitaonaje komandi zote zilizomo kwenye ruta ya Cisco?

Wakuu habari zenu, mi niko Arua natunza netiweki ya shule moja, wameniletea ruta ya Cisco iliyotumika, haina kitabu haina nini, nimechomeka laptopu kwa kebo ya konsoli inawaka vizuri tu. Shida ni komandi, nitajuaje zipi zimo? Najua nikibonyeza ? inaleta orodha, ila nikiwa Router> (pale mwanzo) inakuja fupi, nikiandika enable inaongezeka, nikiingia configure terminal inakuja nyingine kabisa na ndani ya interface nyingine tena, yaani kila chumba na vyombo vyake, ukiwa sebuleni vya jikoni huvioni. Hiyo ip ? peke yake inajaza skrini hadi --More-- unabonyeza spesi weee. Nimeweka terminal length 0 angalau sasa inashuka bila kusimama.

Kuna njia ya kutoa orodha yote kwa mkupuo pamoja na vikomandi vya ndani, niihifadhi kwenye faili nisome bila intaneti? Bando hapa si mchezo jamani.

Halafu PDF niliyodaunilodi ina komandi ambazo ruta inazikataa, inasema Invalid input na kale kamshale chini, hiyo ni toleo la IOS (mfumo endeshi wa ruta za Cisco) ama laisensi? show privilege inaonyesha 15, ngazi ya juu kabisa, kwa hiyo ruhusa sidhani. Nimezoea ruta za MikroTik, kule kubonyeza Tab kunanitosha. Na msiniambie ninunue mpya, bajeti za shule zetu mnazijua