Naomba ushauri: nyumba ya kustaafia Tabora, dalali ananikimbiza

Wakuu, heshima kwenu. Nimestaafu ualimu mwezi wa saba na kiinua mgongo kimeingia. Mimi na mama watoto tunatafuta nyumba ndogo Tabora mjini, Ipuli au Isevya, tuzeekee huko karibu na hospitali ya Kitete.

Shida ni kwamba tangu ujenzi wa reli ya SGR ufike huku, wenye nyumba wameota mapembe. Ijumaa nilioneshwa moja: vyumba vitatu, mwembe uani, choo cha ndani kisicho na ngazi (magoti yangu yalifurahi kuliko mimi). Asubuhi milioni 38. Jioni dalali anapiga, "Mzee, kuna mtu kafika 42, lete hata advansi leo." Huyo mtu sijamwona.

Hati ipo, ila ina jina la marehemu baba yao. Anayeuza ni kaka mkubwa, anadai wadogo zake wameridhia kwa mdomo. Nikimwuliza barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, ananijibu wanunuzi wapo wengi.

Je, niweke kishika uchumba kwa mwanasheria wakati wanafungua mirathi, au nipange nyumba ya mtu kwanza mwaka mmoja? Mliowahi kununua nyumba ya urithi, mlifanyaje? Pesa yenyewe ndiyo hii hii.