MREJESHO: Udongo wa mfinyanzi kwenye infraredi, vilele vimeonekana

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza mbona spektra ya udongo wangu (mchoro wa jinsi unavyofyonza mwanga wa infraredi) ina mlima mmoja mpana pale 3400 kwa sentimita (namba ya mawimbi) na vilele vya OH (oksijeni na hidrojeni zilizofungwa ndani ya madini) havionekani vizuri, mkaniambia ni maji yaliyonaswa na kidonge cha KBr (chumvi ya potasiamu bromidi inayochanganywa na udongo na kugandamizwa ili upimwe). Nimekikausha kwenye oveni 110°C usiku kucha nikapima kingali na joto, aisee vilele vinne vya OH vya kaolinaiti (aina ya madini ya mfinyanzi) vimesimama wazi kabisa, 3695, 3670, 3650 na 3620 kwa sentimita, raha sana kuviona! Kusaga zaidi hakukunisaidia, kunavuruga kaolinaiti yenyewe, vile viwili vya katikati vinafifia. Smektaiti (madini mengine ya mfinyanzi) bado sijaitenganisha, OH yake nayo inaangukia humohumo 3620, kwa hiyo hapo naenda kwenye kipimo cha eksrei na glaikoli (kimiminika kinachoivimbisha smektaiti ili itambulike) kama mlivyoshauri. Asanteni sana, hasa mdau aliyenishauri oveni.