Mjadala: Je, mtumba ndio unaoshusha faida na hisa za viwanda?

Mleta mada, Sakina (Arusha)

Wadau, hoja inayozunguka vijiwe vya hapa mjini ni hii: kila shati la mtumba linalouzwa soko la Memorial pale Moshi ni mauzo yaliyoporwa kwenye kiwanda fulani, faida inashuka, hisa nayo inafuata. Kwa hiyo serikali ipige marufuku. Mimi naona hesabu hiyo imepigwa upande mmoja tu. Leteni hoja, matusi hapana.

Fundi mitambo mstaafu, Unga Limited (Arusha)

Mkuu, upande wa pili upi? Mimi nimezeekea kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kinanunua pamba, kinalipa umeme, kinalipa mishahara. Mzungu aliyelivaa lile shati kwanza amelitoa bure. Utashindanaje na mtu ambaye malighafi yake ni sadaka? Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikaa hapahapa Arusha Machi 2016, wakakubaliana mtumba uondoke ndani ya miaka 3. Aliyesimama mpaka mwisho ni Rwanda peke yake, iliyopandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wengine tukafyata.

Muuza mtumba, Memorial (Moshi)

Shikamoo mzee wangu, ila malizia hadithi. Julai 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya AGOA, mpango wake wa biashara na nchi za Afrika, ya kuingiza nguo kwake bila ushuru. Na hiyo sadaka mimi siioni: belo nalinunua kwa hela, limeshalipiwa meli, ushuru na lori, na silifungui kabla sijalipa. Halafu mteja wangu akikosa mtumba haji kiwandani kwako. Anakwenda kwenye nguo mpya za China.

Mhasibu, Njiro (Arusha)

Nyote mnaongea kana kwamba bidhaa ikishauzwa mara ya kwanza imetoka kwenye vitabu. Haijatoka. Chukueni kampuni za utalii hapa kwetu. Tuseme mtu ananunua Land Cruiser kwa milioni 150 akijua baada ya miaka 5 ataiuza milioni 90. Gharama anayoigawa kwenye miaka hiyo, yaani uchakavu, ni milioni 60, si 150. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 16, inamtaka aipitie hiyo thamani ya masalia, yaani ile milioni 90, angalau kila mwisho wa mwaka. Magari yaliyotumika yakiwa na bei, uchakavu kwenye hesabu unapungua na faida inanenepa. Toyota naye anaweza kuuza gari jipya kwa bei ya juu, kwa kuwa mnunuzi anajua atarudishiwa sehemu ya hela yake. Likianguka soko hilo, wote wanaumia.

Hertz, wakodishaji magari wa Marekani, yaliwakuta. Walijaza magari ya umeme, mengi yakiwa Tesla. Mwaka 2023 Tesla ikashusha bei ya magari mapya mara kadhaa, na yaliyotumika yakaporomoka nayo. Januari 2024 Hertz wakatangaza kuuza magari ya umeme kama 20,000, wakaandika uchakavu wa ziada wa dola milioni 245. Hisa ikashuka siku hiyohiyo, na Machi mkurugenzi mkuu akatangaza kuondoka. Hapo hakuna mtumba uliomnyang'anya mtu mteja. Kilichowaumiza ni mtumba kukosa bei.

Na anayedhani faida iko kwenye kuuza mtumba wenyewe aitazame ThredUp, kampuni ya Marekani inayouza nguo zilizotumika mtandaoni: iliingia soko la hisa Machi 2021 kwa dola 14, mwaka 2024 ikawa chini ya dola 1, kisha ikainuka tena 2025. Kupokea nguo mojamoja, kuipiga picha na kuituma ni kazi ghali. Memorial wanaimaliza kwa mdomo tu.

Mleta mada

Niongeze la nyumbani. Soko la hisa la Dar es Salaam lina benki, saruji, bia, sigara, simu. Kiwanda cha nguo hakuna. Anayesema mtumba umeshusha hisa za viwanda vyetu vya nguo atuonyeshe hisa ipi.

Fundi mitambo mstaafu

Hazipo kwa sababu viwanda vingi vilikufa kabla havijafika huko! Na wewe mhasibu, gari lina masalia. Shati likichakaa ni dekio. Mfano wako unamfaa mwenye Land Cruiser, haumfai aliyekuwa anasimamia mashine ya kufuma.

Mhasibu, Njiro

Hapo umenishika kidogo, mzee. Lakini hata kwenye nguo, anayeumia zaidi ni anayeshona kile ambacho belo tayari linacho.

Muuza mtumba, Memorial

Ndiyo maana nauliza, kwa nini mshindane na mimi kwenye fulana? Belo la Ulaya halina kaptula ya shule ya msingi Moshi, halina khanga. Kiwanda cha A to Z hapo Arusha wanatengeneza vyandarua, na sijawahi kuona mtumba wa chandarua.

Fundi mitambo mstaafu

Na kitambaa cha hizo kaptula kinafumwa wapi? Kamuulize mwenye duka la sare kesho, usome na lebo kwenye jora, kisha urudi hapa utuambie.