Ngozi ya ng'ombe ya kufunikia makochi: nimekosea wapi?

Fundi wa Makochi, Dodoma
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mwezi uliopita nilinunua ngozi tatu mbichi machinjioni, nikaziosha, nikaziwamba juani siku nne, kisha nikazipaka mafuta ya kula nikitarajia zilainike. Zimekuwa ngumu kama mbao. Moja ilipasuka nilipoikunja kwenye mkono wa kochi, na mvua iliponyesha karakana nzima ilinuka. Je, zinaweza kuokolewa?

Msindikaji
Pole sana, ndugu. Ulichonacho bado ni ngozi mbichi, ila imekauka. Unyevu ukirudi, bakteria huamka, ndiyo maana ilinuka. Ngozi haiozi tena pale tu dawa ya kusindikia, yaani kromu (kemikali ya madini) au tanini ya magome ya miti kama miwati, inapojishika kwenye nyuzi zake. Kabla ya hapo hulowekwa, hutiwa chokaa na salfaidi ya sodiamu ili manyoya yatoke, hukwanguliwa nyama, huondolewa chokaa, kisha hutiwa asidi na chumvi. Hatua hizo usizijaribu nyumbani, nakusihi, kwa sababu salfaidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Ngozi ya kromu hutoka ikiwa na rangi ya samawati. Ya makochi hupunguzwa hadi unene wa takriban milimita moja, hutiwa rangi na mafuta yanayopenya hadi ndani, kisha hukaushwa na kuzungushwa kwenye pipa kubwa mpaka ilegee. Ulaini unaoutafuta hutokana na mafuta hayo na pipa hilo.

Mama Ngozi
Nami nanunua ngozi machinjioni, kwa hiyo naongezea hili. Ngozi ya kilo 25 ipake chumvi kilo 8 hadi 10 upande wa nyama, ndani ya saa chache tangu kuchunwa. Kabla ya kulipa, ipapase kwa kiganja: mchunaji mwenye haraka huacha mikato ya kisu ambayo itafumuka baadaye kochini. Chapa ya moto ubavuni nayo hukupotezea kipande kikubwa kuliko vyote.

Fundi wa Makochi, Dodoma
Nashukuru sana. Na hizi tatu?

Msindikaji
Kiwanda kinaweza kuziloweka upya, lakini palipoungua na jua huyeyuka kama gundi ndani ya chokaa, na mafuta uliyopaka yatazuia maji kupenya. Mteja wako mnunulie ngozi iliyokwisha kusindikwa.