Tiketi moja, ndege za mashirika mawili: maili niziweke wapi?

BintiRaskazoni
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua haya mambo ya maili za ndege, zile pointi unazopewa ukisafiri halafu baadaye unazitumia kupata tiketi. Mwezi ujao naenda Toronto, mdogo wangu kajifungua na mama magoti hayamruhusu kwahiyo mimi ndo nimetwishwa safari, na nusu ya begi ni kanga na habat soda. Natoka Tanga na basi mpaka Dar, pale napanda Ethiopian hadi Addis, Addis–Frankfurt Ethiopian tena, halafu Frankfurt–Toronto tiketi inasema Air Canada. Kurudi hivyohivyo. Tiketi ni moja.

Shemeji anasema nifungue akaunti mbili, za Ethiopian ziingie ShebaMiles, programu yao ya maili, na za Air Canada ziingie Aeroplan ambayo ndo programu yao. Jamaa mwingine kaniambia zote nipeleke kwenye programu ya Turkish Airlines, nikashangaa maana Turkish hata sipandi. Wakala aliyenikatia tiketi kaniambia hayo ni mambo ya matajiri akaendelea kuchezea simu yake. Je kugawa inawezekana? Na mdogo wangu anayo Aeroplan tayari, naweza kumwekea yeye zote nikamaliza?

Chumbageni_Boy
Dada kugawa inawezekana. Ethiopian yupo Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2011, Air Canada yumo humohumo, Lufthansa na Turkish nao wamo, kwahiyo ukipanda yeyote kati yao unaweza kupeleka maili kwenye programu ya mwenzake hata kama ndege zake hujawahi kuzisogelea. Huyo jamaa wa Turkish hajakosea. Cha kujua ni kwamba kila kipande cha safari kinahesabiwa peke yake, Dar–Addis kipande, Addis–Frankfurt kipande, na kila kipande kinaingia programu moja tu, hukikati nusu kwa nusu wala hukidai mara mbili. Na zikishaingia zimeingia, hakuna kuhamisha.

Ishu iko kwenye kutekeleza. Bukingi ikiwa moja mara nyingi ile namba yako ya uanachama inajaa kwenye vipande vyote, wakikuchekini Dar mpaka Toronto bodingi pasi zote zinatoka na namba ileile. Ukitaka kugawa, ukifika Frankfurt nenda kwa mhudumu wa getini mapema kabla watu hawajaanza kupanga foleni, mwambie akubadilishie namba kwa ndege hiyo tu. Akikuzungusha achana naye utadai baadaye.

MzeeWaNgamiani
Inawezekana sawa, lakini ya nini? Mwanangu piga hesabu. Dar–Addis ni kama maili 1,100, Addis–Frankfurt 3,300 hivi, Frankfurt–Toronto karibu 4,000. Kwenda na kurudi unapata 16,000 na kitu, na hapo ni kama tiketi yako inalipa asilimia mia ya umbali, ambayo kwa tiketi za bei chee sahau. Sasa uanze kugawa huku kidogo kule kidogo, unabaki na vibubu viwili vyote havitoshi kitu. Halafu zinakufa! ShebaMiles na za Turkish umri wake miaka mitatu, Aeroplan ukikaa miezi 18 hujaongeza wala hujatumia chochote wanafuta. Utapanda ndege lini tena wewe? Weka sehemu moja tulia.

kondakta_mstaafu
Mimi nimekula Tanga–Dar kwa basi maisha yangu yote, Segera hadi Chalinze kuna anayejua nazidai wapi?? 😂

Pongwe_Transiti
@kondakta 😂😂 wewe wanakudai

Mzee yuko sahihi ila kwa nusu. Dada kabla hujachagua programu yoyote angalia herufi. Kwenye tiketi pembeni ya namba ya ndege kuna herufi moja, Y, M, L, T, kitu kama hicho. Hiyo ndo inaamua, siyo umbali wa kwenye ramani. Wote mmekaa ekonomi mnakula wali uleule lakini mwenye Y anapata zote na mwenye herufi ya promosheni anapata robo, au hapati kabisa. Na kila programu ina jedwali lake kwa kila shirika, herufi ileile ya ndege ileile inaweza kulipa nusu huku na kule isilipe hata maili moja, ndo maana mtu akikwambia weka Turkish au weka Sheba bila kukuuliza herufi yako anabahatisha tu. Ingia tovuti ya programu zote mbili, tafuta ukurasa wa mashirika washirika, tazama herufi zako. Ikitokea programu moja inalipa vipande vyote, fuata ushauri wa mzee. Ikitokea kipande cha Air Canada ni sifuri upande mmoja basi hapo gawa bila kufikiria mara mbili, bora ziwe sehemu mbili kuliko kuzitupa.

Angalia na hiyo namba ya Air Canada. Ikiwa na tarakimu nne inawezekana ndege yenyewe ni ya Lufthansa, wanauziana viti hao. Kuna mstari mdogo unasema nani anarusha. Programu nyingine zinafuata namba iliyouzwa, nyingine zinafuata mwenye ndege.

BintiRaskazoni
Asanteni sana jamani, herufi nimeziona, Ethiopian ni L na Air Canada ni K, namba ina tarakimu tatu na wanarusha wenyewe. Jedwali naangalia leo usiku bando la usiku likianza. Lile la mdogo wangu mbona mmeliruka?

Chumbageni_Boy
Hapana hilo haliwezekani, jina la akaunti lazima liwe la aliyekaa kwenye kiti. Kinachowezekana ni kinyume chake, yeye akatumia pointi zake kukukatia wewe tiketi siku nyingine. Na Aeroplan ni nzuri hapo, tangu Novemba 2020 hawachaji ile ada ya mafuta kwenye tiketi za pointi, unalipa kodi za viwanja na ada zao ndogo basi. Kwahiyo mbane mdogo wako alipe kwa pointi safari ijayo.

Pongwe_Transiti
Naongezea kwenye jina maana sisi wa pwani ndo tunakwama hapa. Majina matatu kwenye pasipoti, akaunti unafungua kwa mawili, maili hazipandi. Fungua kama pasipoti ilivyo. Na usishtuke tiketi ikiandika OMARI/MWANAHAMISIMS, hilo MS la mwisho siyo jina, ni Bi tu wamelibandika, kwenye akaunti usiliweke.

Bodingi pasi zote tunza mpaka uone maili zimeingia, na zipige picha siku hiyohiyo, ile karatasi wino unafutika ukiiacha kwenye pochi na hili joto. Ukija kudai watataka na namba ya tiketi, tarakimu 13, kama imetolewa na Ethiopian inaanza na 071. Wengi wanatoa kama miezi sita ya kudai, lakini wewe subiri wiki mbili tatu tu, usipoona kitu dai.