Mwislamu anayetaka kuanza mikutano ya AA Nairobi: huingiaje?

Mgeni wa Pangani aliuliza:

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, nina umri wa miaka 41, nafanya kazi Nairobi. Nimekunywa pombe kwa miaka 14, na katika mitatu ya mwisho imenibidi kunywa kila asubuhi kutoa loki, yaani kuondoa uchovu wa ulevi wa jana, kwa sababu bila hivyo mikono hutetemeka hata nikashindwa kutia sahihi. Mke wangu amerudi kwao na watoto. Nimeelekezwa kwenye mikutano ya Alcoholics Anonymous (AA), ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, lakini mambo mawili yananizuia: mingi hufanyika katika kumbi za makanisa ilhali mimi ni Mwislamu, na naogopa kukutana na mtu anayenifahamu. Je, mtu hujiandikisha? Hulipa? Lazima azungumze? Nimepanga kuacha pombe kabisa Jumamosi, ili Jumatatu niende nikiwa safi.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Ndugu yangu, nakusihi usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mtu ambaye mwili wake umefikia kudai pombe asubuhi anaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza baada ya kuacha, na baadaye kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Nenda hospitali kwanza, umweleze daktari kiasi halisi unachokunywa bila kupunguza hata chupa moja, naye atakupa dawa za kukuvusha siku hizo. Hospitali ya Mathari hapo Nairobi wana kitengo cha waraibu. Wala usiuahirishe mkutano eti mpaka uwe safi, kwa maana hata aliyekunywa siku hiyo huruhusiwa kuketi na kusikiliza, mradi asivuruge utulivu.

Miaka Sita alijibu:

Wa alaikum salaam, kaka. Mimi pia ni Mwislamu, na suala hilo la ukumbi wa kanisa lilinichelewesha karibu mwaka mzima, mwaka ambao ningependa kurudishiwa. Kikundi hukodi chumba kama watu wanavyokodi ukumbi wa harusi, na kodi hutokana na kikapu kinachozungushwa miongoni mwa wanachama, ambacho mgeni halazimiki kutia chochote. AA haifungamani na dini wala dhehebu lolote. Ni kweli kwamba Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, kwani ushirika huu ulianzia Akron, Ohio, mwaka 1935 miongoni mwa Wakristo, lakini hatua ya tatu yenyewe inamzungumzia Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu. Wenzangu wanaposoma sala ya kufungia mkutano, mimi husoma dua yangu kimoyomoyo, na sijawahi kuulizwa kwa nini.

Hakuna fomu wala ada. Utataja jina lako la kwanza ukipenda, na zamu ikikufikia waweza kusema kwamba leo utasikiliza tu. Sharti la pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Utakapotazama ratiba katika tovuti ya AA ya Kenya, zingatia kwamba mkutano wa wazi huweza kuhudhuriwa na yeyote, hata jamaa, lakini uliofungwa ni wa wenye tatizo pekee. Ukikwama, piga 1192, nambari isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize huduma zilizo karibu nawe. Kuhusu kuonekana, katika mkutano wangu wa pili nilimkuta mtu tunayefanya kazi naye ghorofa moja. Hadi leo hakuna kati yetu aliyeyataja hayo ofisini.

Kikundi cha kwanza kisipokukalia vizuri, jaribu kingine. Mimi nilitulia katika cha tatu, nikapata mdhamini, yaani mwanachama aliyetangulia anayekuongoza katika zile hatua na ambaye wewe unampigia simu kabla ya kuigusa chupa.

Mama Wawili alijibu:

Naandika kama mke. Mwelekeze mkeo kwenye vikundi vya Al-Anon, ambavyo vipo tangu 1951 kwa ajili ya familia za wanywaji, lakini usimshurutishe na usimwahidi chochote kwa sasa. Mume wangu aliniapia mara nyingi mno, na kilichonirejesha ni kumwona akitoka kwenda mkutanoni kila Jumanne kwa miezi saba, hata mvua ikinyesha.

Mgeni wa Pangani aliandika tena:

Nimerudi kuwapa shukrani. Nililazwa siku tano, na jana nikahudhuria, nikaketi kiti cha karibu na mlango. Mzee aliyekuwa akigawa chai aliitazama mikono yangu, akanijazia kikombe nusu tu ili isimwagike, kisha akaendelea na wengine bila kusema neno. Sikuzungumza. Nilipokuwa nikitoka nilipewa nambari tatu za simu, na sasa ni saa nne usiku, nimeketi peke yangu nazo mkononi. Je, si utovu wa adabu kumpigia mtu niliyemjua jana?

Miaka Sita alijibu:

Piga sasa hivi, kaka, asipopokea wa kwanza mpigie wa pili. Mimi nilimpigia mdhamini wangu mara ya kwanza saa tisa usiku, akapokea, tukazungumza hadi karibu na adhana ya alfajiri.